Taa ya Philips ya zamani: ni ya Kalff kweli?

Dada wa Rotterdam, nimekupata, umenunua taa ya kuning'inia ya miaka ya 50 kwa euro 40, muuzaji kasema ni Philips ya Louis Kalff, yule mbunifu wa Kiholanzi, na wewe unataka kuiwasha leo leo. Tafadhali usiiwashe kwanza!

Kalff aliingia Philips 1925, na ndiye mmoja wa waliobuni Evoluon pale Eindhoven, lile jengo kama sahani lililofunguliwa 1966. Ila idara yake pale Philips ilikuwa na watu wengi na sasa wauzaji wanabandika jina lake kwa kila taa ya Philips, na hata kwa taa za viwanda vingine kama Anvia wa Almelo. Kwahiyo angalia ndani ya kava la taa na kile kikombe cha darini kinachoficha waya, tafuta stika au chapa. Holda au balbu ya Philips peke yake sio ushahidi, hizo zinabadilishwa.

Sasa waya. Mimi yangu nilipoukunja kidogo tu mpira ukapasuka ukadondoka kama maganda ya karanga, shaba ikabaki wazi ndani ya bomba la chuma, hapo ukigusa umekwisha. Mpe fundi umeme mwenye cheti aweke waya na holda mpya, na kama taa ni ya chuma mwambie aunge ethi. Vile vya zamani vitunze kwenye bahasha, mnunuzi makini atavitaka.

Na rangi usipake upya jamani, hata kama imechubuka, futa tu na kitambaa chenye unyevu.