Ulichokiita takataka ni karakana ya mumeo

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka tisa katika ndoa na tunaishi Tabata, katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo. Mume wangu ni fundi wa friji na feni, na hatupi kitu: kompresa mbovu, mota, nyaya, madumu, matairi, hata mifuko ya plastiki ya zamani, vimejaa uani na chini ya kitanda. Wanakikoba wenzangu wakija naona aibu. Ndani siwezi kumpa nafasi kwa kuwa kabati limejaa sare zangu za sherehe. Nakiri kwamba kuna siku ametutengenezea feni kwa vifaa hivyo hivyo, lakini ni mara moja moja. Alipokwenda Morogoro msibani nilipunguza kidogo, naye badala ya kushukuru amenuna mpaka leo. Je, huu si uchoyo uliogeuka maradhi? Mke Aliyechoka.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuishi katika ua ambao hata kamba ya kuanikia nguo haina pa kupita. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na katika usomaji wa pili nimemwona mumeo vizuri kuliko ulivyotaka nimwone.

Unasema ulipunguza kidogo, lakini husemi vitu vilikwenda wapi. Mtu aliyefanya usafi kwa moyo mweupe husema nilitupa hiki, kile nikampa jirani. Nami najua, kama ajuavyo kila mkazi wa jiji hili, kwamba kompresa haiishii jalalani: wapo vijana wanaopita mitaani na mizani wakinunua chuma chakavu kwa kilo, na ndani ya mota mna waya wa shaba, ambao una bei kubwa kuliko chuma chenyewe. Uliuza, mwanangu. Uliuza vifaa vya fundi wakati yuko msibani, ukavipima kwa uzito ilhali yeye alivipima kwa kazi, kisha ukangoja akushukuru. Mimi ningenuna pia.

Uchoyo katika habari hii sijauona. Feni ikianza kuzunguka kwa uvivu, mara nyingi kilichochoka ni kapasita tu, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuzunguka, na kapasita nzima huweza kutolewa katika feni nyingine iliyovunjika panga. Fundi aliye nayo uani humaliza kazi jioni ile ile, na fedha ya mteja huingia ndani ya nyumba yako bila kupitia Kariakoo. Hayo madumu unayoyaonea aibu, kumbuka Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na mabomba ya jiji yakaingia katika mgao. Mwenye pa kuhifadhi maji alioga, asiye napo alimsubiri muuza maji wa mkokoteni. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao, na sioni kwamba wageni wa saa mbili wa kikoba ni sababu ya kutosha ya kuvunja karakana inayolisha watoto.

Sasa tuingie katika kabati lako, maana umelitaja mwenyewe. Kuna sare ya kicheni pati ya fulani, ya sendofu ya fulani, ya harusi, ya arobaini ya mtoto, kila moja imelipiwa kitambaa na fundi cherehani, ikavaliwa siku moja, na haivaliki tena kwa sababu waliohudhuria wote wanaifahamu. Hizo hazitengenezi feni ya mtu. Ndoa nyingi za siku hizi zimeingia katika ugonjwa huu: vitu vya mume vinavyoonekana vichafu huitwa uchafu, na vitu vya mke vinavyong'aa huitwa heshima, hata kama vyote vimekaa tu. Wazazi wetu walioonja miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni na sukari zikitafutwa kwa foleni, waliitunza hata kopo la mafuta ya kupikia kwa sababu kesho lilikuwa na kazi. Leo mtu anakopa ili anunue kochi, kisha anamwonea haya mume asiyedaiwa na mtu. Jambo hili linaniumiza, kwa kuwa naliona likivunja nyumba ambazo hazikuwa na kosa jingine.

Hata hivyo mumeo naye hatoki mikono mitupu. Kinachotenganisha uwekevu na mrundikano ni hiki: mwenye kitu aweze kukuambia, bila kuanza kupekua, kitu hicho kiko wapi na kitafanya kazi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kompresa ambayo hajaikumbuka tangu mvua za mwaka juzi ameshaipoteza ingawa iko uani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo sijui anaitunzia soko gani. Matairi ndiyo yanayonitia hofu. Dar es Salaam imeugua homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya matairi na makopo, huuma mchana watoto wakicheza, na mayai yake hustahimili ukame kwa miezi mpaka mvua irudi. Matairi yaondoke kabla ya masika, na madumu yafunikwe. Hapo una haki kamili, nami nashangaa kwamba katika barua nzima ulitaja aibu ya wageni lakini hukutaja afya ya watoto.

Fanya hivi. Gawa sare usizovaa, umwachie upande mmoja wa kabati kwa vifaa vidogo vilivyowekwa katika makopo yenye majina, naye aondoe kila kitu chini ya kitanda. Lakini kabla ya hayo mwambie uliuza nini na ulipata kiasi gani, umwambie leo, kabla hajaahidi friji ya mteja akitegemea kompresa ambayo haipo. Kama fedha hiyo umeshanunulia hisa za kikoba, mwambie hivyo hivyo, na mgao utakapotoka mkabidhi mkononi.