Ada ya BYU kwa asiye Mmormoni

Asiye Mmormoni anapokelewa Brigham Young University (BYU), chuo cha kanisa la Wamormoni (Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho), ila analipa mara mbili ya ada ya muumini wa kanisa hilo. Chuo hicho, pale Provo, Utah, kinaendeshwa kwa sehemu kubwa na zaka za waumini, kwa hiyo muumini anahesabiwa kuwa yeye au familia yake wameshachangia. Hata hivyo, hiyo mara mbili bado iko chini ya ada za vyuo vingi binafsi vya Marekani.

Kinachomshinda mtu pale mara nyingi si ada, ni masharti. Pombe, sigara, kahawa na chai ni marufuku hata ukiwa nje ya chuo. Ndevu mpaka uwe na kibali. (Soda zenye kafeini zinauzwa chuoni tangu 2017, sijui kahawa iliwakosea nini.) Masomo ya dini ni lazima kwa wote, na kila mwaka kiongozi wa dini lazima akuidhinishe, asiye Mmormoni anaweza kumtumia mchungaji wake mwenyewe. Anayebanwa hasa ni muumini aliyejitoa kanisani kabla ya kuhitimu, maana huyo kwa kawaida hapati idhini hiyo.