Mgombea Anahitaji Mtu wa Kumwambia Ukweli, Kabla ya Mdahalo na Baada Yake

Kwa muda mrefu nimesaidia wagombea kujiandaa kwa midahalo ya runinga, na kazi ninayopewa mara nyingi ni ile inayokwepwa na wengi, yaani kusimama kwenye mimbari ya pili wakati wa mazoezi na kuigiza mpinzani. Kazi hiyo imenifanya niamini kwamba kinachomwokoa mgombea, kabla ya mdahalo na baada yake, ni kuwa na mtu anayeweza kumwambia ukweli usoni bila kuogopa kufukuzwa.

Nimeshuhudia timu zikimteua kijana mpole wa ofisini aigize mpinzani. Kwa kuwa anamheshimu bosi wake, kijana huyo hulainisha kila swali, na mgombea hutoka mazoezini akiwa na furaha, kisha usiku wa mdahalo hukutana kwa mara ya kwanza na shutuma ambayo alipaswa kuwa ameshaizoea. Ndiyo maana kampeni makini huchagua watu wazito. Huko Marekani, mwaka 1984 aliyeigiza Walter Mondale, mpinzani wa Rais Ronald Reagan katika uchaguzi wa urais, wakati wa mazoezi ya Reagan alikuwa David Stockman, mkurugenzi wa bajeti wa Reagan, na mwaka 2012 Seneta John Kerry aliigiza Mitt Romney ili kumwandaa mpinzani wa Romney, Rais Barack Obama. Anayeigiza mpinzani asome hotuba zake, ajue namna anavyokatiza wenzake, na aulize lile swali la mali, la familia au la ahadi iliyovunjwa ambalo hakuna mtu mwingine chumbani anayethubutu kuligusa.

Mazoezi yafanyike wakiwa wamesimama, taa zikiwa zimewashwa na kamera ikirekodi, kisha mgombea atazame kipande chake kwanza bila sauti. Hapa ndipo wengi hushtuka, kwa sababu mgombea hufundishwa kuzungumza lakini ni nadra kufundishwa kusikiliza, ilhali runinga humwonyesha hata anapokuwa amenyamaza. Mwaka 1992, huko Richmond, Rais George Bush (baba) alionekana akitazama saa yake katikati ya mdahalo. Mwaka 2000, huko Boston, mgombea urais Al Gore alisikika akishusha pumzi kwa kuudhika wakati mpinzani wake akijibu. Mambo hayo yalizungumzwa kuliko hoja zao za kodi na afya.

Kupumzika nako ni sehemu ya maandalizi. Richard Nixon alifika Chicago kwa mdahalo wa urais tarehe 26 Septemba 1960 akiwa amedhoofika, kwani alikuwa ametoka kulazwa hospitalini kwa maambukizi ya goti, na akakataa kupakwa vipodozi vya studio, huku mpinzani wake, John Kennedy, akiwa amepumzika vizuri. Kwa hiyo huwa nasisitiza mikutano ya hadhara ipunguzwe siku mbili kabla, hata kama waandaaji wake watanuna.

Takwimu nazo zina mpaka wake. Baada ya Reagan kuyumba katika mdahalo wa Louisville tarehe 7 Oktoba 1984, watu wake wa karibu walilalamika kwamba alikuwa amejazwa tarakimu kupita kiasi. Majuma mawili baadaye, huko Kansas City, alipoulizwa kuhusu umri wake mkubwa, alijibu kwa utani kwamba asingetumia ujana na uchache wa uzoefu wa mpinzani wake kwa faida ya kisiasa, na Mondale mwenyewe akacheka.

Mdahalo ukienda vibaya, usimwachie mgombea simu usiku huo. Wasemaji wazungumze na waandishi, yeye alale, na kesho yake atazame mkanda wote akiwa na watu wawili au watatu tu, si kamati nzima ya kumfariji. Tofautisheni kosa la kauli na kosa la mwenendo. Kauli isiyo ya kweli irekebishwe haraka: tarehe 6 Oktoba 1976 Rais Gerald Ford alisema kwamba Ulaya Mashariki haikuwa chini ya utawala wa Sovieti, na kwa kuwa alichukua siku kadhaa kabla ya kukiri vizuri kwamba alikosea, kauli hiyo ilitawala habari muda wote huo. Mwenendo hauombewi radhi. Hurekebishwa kwenye mdahalo unaofuata, kama Obama, ambaye baada ya kulegea katika mdahalo wa kwanza wa 2012 huko Denver alirudi mazoezini Williamsburg na kuingia mdahalo wa pili akiwa mtu mwingine kabisa.

Yapo majeraha yasiyopona kwa njia hiyo. Rais Joe Biden alipohutubia kwa nguvu jukwaani Raleigh siku moja tu baada ya mdahalo wa Atlanta wa tarehe 27 Juni 2024, hotuba hiyo haikutosha, kwani mdahalo ulikuwa umethibitisha shaka ambayo wapigakura walikuwa nayo tayari kuhusu umri wake, na tarehe 21 Julai akajiondoa kwenye kinyang'anyiro. Katika hali kama hiyo, mshauri anayeendelea kusema kwamba mambo yatatulia hamsaidii mgombea wala chama.

Kwa sababu hiyo, kabla ya zoezi la kwanza huwa namwomba mgombea ataje, mbele ya timu yote, mtu mmoja mwenye ruhusa ya kumwambia kwamba ameshindwa. Wapo wanaokosa jina la kutaja, na hao nawaomba tulimalize hilo kwanza kabla ya kufungua faili lolote la sera.