Boti Inayolala Uani: Ushauri kwa Anayeanza Akiwa Nairobi

Nairobi haina maji ya kuteremshia boti. Bwawa la Nairobi, ambako zamani watu walijifunza kuendesha mashua za matanga, limezibwa na gugu maji na taka. Kwa hiyo boti ya mkaazi wa huku hulala juu ya trela, uani au kwenye yadi ya kukodi, ikingoja wikendi ya Naivasha iliyo kilomita 90 hivi, au likizo ya Pwani iliyo karibu kilomita 500. Ewe unayetafuta boti yako ya kwanza, ile ya mita sita yenye kijumba cha kulala watu wawili, lishike hilo kabla hujanunua hata kamba: kinachoua boti za huku ni kukaa. Vifaa utakavyofunga na matunzo utakayofanya viongozwe na hilo.

Anza na mvua. Inua omo, yaani mbele ya boti, kwa jeki ya trela, toa kizibo cha shetri, yaani cha nyuma, kisha mwaga ndoo ya maji ndani uone kama yanatoka kweli. Majani ya mjakaranda na vumbi huziba tundu lile upesi sana. Kizibo chenyewe kifunge kwa uzi kwenye usukani, ili siku ya safari usiweze kuendesha bila kukigusa. Turubai lipe mwinuko katikati na uache hewa ipite pembeni. Boti iliyofunikwa gubigubi huota ukungu, na plaiwudi iliyo chini ya sakafu huanza kuoza mahali ambapo macho hayafiki.

Petroli nayo huchakaa. Ile inayobaki ndani ya kabureta hukauka ikaacha gundi inayoziba jeti, vile vitundu vyembamba vya kupitisha mafuta, na wengi wanaolalamika kwamba injini "imekufa" baada ya miezi mitatu wana ugonjwa huo tu. Kila unaporudi nyumbani, fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta umwage kilichomo. Safari inayofuata anza na mafuta mapya, na kati ya tangi na injini funga chujio la kutenganisha maji. Panya pia wanapenda boti iliyotulia. Kagua waya zote kabla ya kuwasha chochote.

Usiwashe injini ikiwa kavu, hata kwa sekunde chache za kumwonyesha jirani. Impela, kile kigurudumu cha mpira kinachovuta maji ya kupoza injini, hulainishwa na maji yenyewe, yakikosekana huungua. Tena ikikaa muda mrefu bila kuzunguka, mabawa yake hushika umbo la kupinda na hayarudi. Ndiyo maana nashauri ibadilishwe kila mwaka hata kama boti haikutembea sana, na nyingine ikae kwenye sanduku la spana. Uani tumia vikombe vya mpira vinavyounganishwa na mpira wa bustani, au tumbukiza mguu wa injini kwenye pipa la maji.

Oili ya gia ya chini ibadilishwe kila saa 100 za injini au mara moja kwa mwaka, chochote kitakachotangulia. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, uitazame inavyotoka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa boti za Naivasha chanzo mara nyingi ni uzi wa wavuvi uliojizungusha kwenye ekseli nyuma ya propela ukakata sili. Basi ondoa propela kila baada ya safari mbili tatu utazame. Kazi ya robo saa tu. Unapojaza oili mpya, isukume kutoka tundu la chini hadi itokee la juu, la sivyo hewa itabaki ndani.

Sasa barabara, maana boti ya Nairobi husafiri kilomita nyingi nchi kavu kuliko majini. Ukiteremka kwenda Mai Mahiu na mzigo wa tani moja nyuma, breki na habu za trela hupata moto. Ukifika ziwani na kuitumbukiza papo hapo, hewa iliyotanuka ndani ya habu hupoa ghafla, hujikunja na kufyonza maji kupitia kwenye sili. Safari chache za namna hiyo na beringi zimeshika kutu. Weka kiganja juu ya habu. Ukishindwa kukiacha hapo ukahesabu hadi kumi, bado. Kunywa chai, panga kamba, ngoja. Beba beringi za akiba, grisi na jeki inayoingia chini ya trela yenyewe, kwa sababu ile ya gari mara nyingi haifai. Kuzinunua si shida: beringi ina namba iliyochongwa ubavuni, peleka ile ya zamani Kirinyaga Road utapata mwenzake. Tairi za trela tazama nyufa za ubavuni badala ya kashata, ile mikato inayokanyaga barabara. Jua la huku huzimaliza kabla hazijalika.

Jambo linalowashangaza wageni zaidi ni mwinuko. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (turbo, ile inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Injini ya nguvu za farasi 40 hubaki na kama 33. Boti iliyoinuka na kuteleza vizuri juu ya maji kule Kilifi, hapa itajikokota imeinua pua, na mwenyewe ataanza kutafuta injini kubwa. Asitafute. Atazame propela kwanza. Ina namba mbili: ya kwanza kipenyo, ya pili hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza. Kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Pakia boti kama utakavyosafiri, abiria na mafuta, sukuma kasi yote, usome kipima mizunguko. Kisipofika kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini, teremka inchi moja au mbili. Lakini propela hiyo ukiipeleka Pwani, injini itapata pumzi yake yote na kuzunguka kupita kiasi. Mwenye kwenda kote kuwili awe na propela mbili. Ni pesa, ila ni kidogo sana ukilinganisha na injini.

Kwa sababu hiyo hiyo, kila kilo unayofunga ndani ya boti iombwe sababu ya kuwamo. Naona watu wanaanza na spika, friji na taa za rangi kabla ya kuwa na pampu ya maana. Tundu la milimita 25 lililo sentimita 30 chini ya maji huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Hakuna mtu na kopo anayeweza kufua maji hayo kwa muda mrefu. Funga pampu ya umeme yenye swichi ya kuelea, inayojiwasha maji yakipanda, iunganishwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake, ifanye kazi hata ukiwa umezima kila kitu ukalala. Pampu ya mkono iwepo pia, na ndoo.

Umeme wenyewe, tafadhali, usiufanye kama wa nyumba. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa mtetemo. Tumia waya wa nyuzi nyingi, ukipata uliopakwa bati ndio bora zaidi, na viungo vibanwe kwa koleo maalumu. Fyuzi kuu iwe ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri. Betri ya kuwashia injini itenge na ya matumizi. Betri ya risasi iliyopumzika na kuonyesha volti 12.7 imejaa, ikionyesha 12.2 iko nusu, usiishushe zaidi. Ya saizi ya Ah (ampea-saa) 100 basi inakupa 50 tu za kutumia, na friji ndogo inaweza kuzila karibu zote kwa siku moja. Paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti, ya kutafuta madukani Luthuli Avenue, ifungwe juu ya kijumba ibaki inafanya kazi hata uani. Betri iliyoachwa tupu miezi miwili haiponi.

Mtungi wa kilo 6 wenye meko juu, tuliouzoea sote, usiingie ndani ya kijumba. Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti, na haina pa kutokea, na cheche moja ya swichi ya pampu inatosha. Pika shetri iliyo wazi au ufukweni. Mvuke wa petroli una tabia hiyo hiyo: ukishajaza mafuta fungua vifuniko, nusa kule chini, ndipo uwashe.

Nanga iwe na mnyororo wa mita chache kabla ya kamba, na utoe urefu mara tano hadi saba ya kina. Jaketi za kuokolea zimtoshe kila abiria, za watoto zikiwa za watoto. Usajili na ukaguzi ni kazi ya Mamlaka ya Bahari, KMA, shughulikia mapema. Mafuta yagawe mafungu matatu: kwenda, kurudi, akiba. Naivasha toka asubuhi, kwa kuwa upepo huamka mchana, na kaa mbali na kingo. Kuna viboko, na tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020 kuna migunga mikavu iliyosimama majini, mingine imekatikia chini ya uso wa maji. Gugu maji likiziba njia ya maji ya injini, ule mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka nyuma ya injini hupungua; zima mara moja ukasafishe.

Ukienda Pwani, ile metali ya kujitoa mhanga kwenye mguu wa injini, inayoliwa na kutu badala ya injini yenyewe, lazima uifikirie upya. Zinki hufaa bahari lakini kwenye maji baridi hujifunika ukoko ikaacha kulinda. Magnesiamu hufaa ziwa ila baharini huyeyuka upesi. Kwa boti ya kote kuwili weka alumini, na ibadilishe ikilika nusu. Kila jioni pitisha maji matamu ndani ya injini dakika kumi, kisha osha trela pia, springi na breki zake. Na kabla hujaondoka Nairobi soma jedwali la maji. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mteremko uliouona mzuri asubuhi huishia kwenye tope saa sita baadaye. Panga kuteremsha boti saa mbili kabla ya maji kujaa, na kuitoa vivyo hivyo.