Nunueni Mizani Kabla ya Kutafuta Mfadhili

Korosho zikianza kuanguka huku Magarini, pwani ya Kenya, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni watu wanaotaka kuunda kikundi, na maswali yao hayabadiliki: cheti kinapatikana wapi, na mfadhili je? Nami huwauliza: mnauza nini pamoja? Wengi hapo husema watanipigia tena.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa korosho na nazi, bara ya Malindi. Nimeona vikundi vikizaliwa gari la mradi likikaribia na kufa vumbi lake likitua. Vilivyodumu ni vile vilivyokuwa na kazi ya pamoja kabla hajatokea mgeni yeyote. Wazee wetu Wagiriama walilimiana kwa mweria, leo kwako kesho kwangu, na hakuna aliyedai cheti. Kuuza pamoja ni kugumu zaidi, maana hapo pana pesa, na pesa inataka maandishi.

Tazameni korosho. Broker anakuja na pikipiki na mizani yake ya kuning'iniza. Mkulima ana kilo kumi na tano uani na karo inadaiwa shuleni. Bei atapanga nani? Wengine huuza zao zikingali juu ya mti. Kiwanda cha Kilifi kilichokuwa kikinunua kilikufa tangu miaka ya 1990. Sheria ya kilimo ya mwaka 2013 inakataza kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi bila idhini ya waziri, lakini sheria haiji uani kwako kupima gunia.

Kwa hivyo changeni mnunue mizani yenu, na mtu wa vipimo na mizani aigonge muhuri. Ya mnunuzi nayo ijaribiwe mbele yake. Njia yetu ni rahisi: bela ya unga wa mahindi ina pakiti 12 za kilo mbili mbili, yaani kilo 24. Msimu mmoja kijana alifika, akatundika mizani yake kwenye tawi la mwembe, akasema, "Mama, hii imepimwa na serikali." Nikamwambia, "Sawa mwanangu, basi tuipimie unga." Mshale ukasimama kwenye ishirini na moja. Hatukugombana. Alitumia mizani yetu siku hiyo, na hadi leo hununua kwetu.

Baada ya mizani, usafi wa mali. Korosho zianikwe juani mpaka ukizitikisa zilie ndani ya ganda. Kisha chukueni kiasi mtie kwenye ndoo ya maji: zinazozama zimejaa, zinazoelea zina kasoro. Tieni kwenye magunia ya katani, si ya nailoni, zisivunde. Mnunuzi akijua magunia yenu hayana mchanga wala mapute, yaani korosho tupu zisizojaa, mazungumzo ya bei huanza mahali pengine kabisa.

Na daftari. Jina, kilo, daraja, pesa, sahihi au dole gumba. Lisomwe kwa sauti mbele ya watu wote siku ya malipo, maana wapo wasiojua kusoma ila hesabu ya mali yao wanayo kichwani mpaka kilo ya mwisho.

Kinachoua vikundi vingi, kwa nilivyoona, si wizi. Ni njaa ya leo. Kikundi kinakusanya mali kungoja bei nzuri, na mwanachama ana mtoto mgonjwa usiku ule. Atauza kwa broker, na akiulizwa atajificha. Msimtoze faini. Wekeni sanduku la akiba, lile la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, ili anayeleta mali apewe sehemu ya pesa papo hapo na salio akimaliziwa mzigo ukiuzwa. Kikundi kisichoweza kutoa chochote siku ya kupokea mali hakijawa tayari kuuza pamoja. Kiendelee kwanza na akiba.

Mkifika hapo ndipo mafunzo yana faida. Ombeni lile mnalolihitaji, msipokee kila linaloletwa. Kama miti ni mikongwe na maua yanaliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, ombeni mtu wa kuwafundisha kupogoa na kupuliza salfa kwa wakati wake. Utafiti wa minazi na mikorosho uko jirani, kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Mtwapa. Wapelekeni wanaoifanya kazi hiyo. Kuna wenyeviti waliokwisha kuhudhuria kila semina iliyofanyika katika hoteli za Malindi na panga la kupogolea hawajalishika, ila posho wanaijua hadi shilingi.

Kuhusu kubangua, punguzeni haraka. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya kokwa, na mafuta ya ganda huunguza ngozi ya mikono. Anayewaletea mashine bila glavu, bila vipuri na bila mnunuzi wa kokwa amewaletea kiota cha kuku.

Ofisini nako kuna utaratibu wake. Cheti cha ofisi ya maendeleo ya jamii kinawatosha kwa akiba na miradi midogo. Mkitaka chombo chenye uwezo wa kumiliki mali na kuingia mikataba kwa jina lake, andikisheni chama cha ushirika. Sheria inataka watu wasiopungua 10. Kilimo na ushirika ni kazi za kaunti kwa mujibu wa katiba ya 2010, kwa hivyo afisa wa ushirika ni haki yenu kumwita. Mwambieni aje mkutano wa mwaka, na hesabu zikaguliwe hata kama hamna deni na mtu.

Mfano wa taasisi inayosaidia bila kumeza watu uko Gede. Mradi wa Kipepeo ulianza 1993. Wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi majumbani, na viwavi vikishajifunga ndani ya ganda tayari kugeuka vipepeo, huuzwa ng'ambo kwenye maonyesho ya vipepeo. Mkulima hubaki na ufugaji. Soko la nje, vibali na usafirishaji, ambavyo peke yake asingeviweza, vinabebwa na mradi. Mkikutana na mfadhili, muulizeni ni mzigo upi tusioweza kuubeba ambao yeye ataubeba.

Neno kuhusu wanaozunguka vijijini kwa ajili yetu: msiwachoshe bure. Wahudumu wa afya ya jamii walikwenda nyumba hadi nyumba miaka mingi kwa kujitolea, na vifaa vyao vilizinduliwa nchi nzima 2023 pamoja na mpango wa marupurupu. Kijana wenu anayewapogolea wazee mikorosho naye ana tumbo. Mtengeeni chake katika kila kilo iliyouzwa, kiandikwe kwenye daftari lile lile.

Mkienda kwa afisa wa ushirika mara ya kwanza, bebeni daftari la msimu mmoja, kumbukumbu za mikutano, nakala za vitambulisho vya wanachama na majina ya watia sahihi wa benki. Nendeni watu watatu, mmoja wao mwanamke anayejua bei, na mwende asubuhi.