Mnaoanza kusoma barafu ya ardhini, acheni kwanza habari za kuyeyuka

Wadogo zangu, nyie mliokulia Moshi mkiiona Kibo kila mawingu yakifunguka mna shida moja: mmezoea barafu ya kutazamwa kwa mbali. Ya ardhini imelala chini ya mchanga na kokoto, na unaweza kupita juu yake usijue.

Baridi ni kitu kimoja, barafu ni kingine. Permafrosti ni ardhi iliyobaki kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo. Hakuna aliyesema lazima iwe na maji. Kule Antaktika, kwenye Mabonde Makavu ya McMurdo, hasa University Valley, unachimba mchanga mkavu unaomwagika kwenye koleo ingawa una baridi kali, halafu ghafla unafika kwenye udongo ulioshikwa na barafu na sururu inadunda.

Ukiuliza barafu ya ule mchanga wa juu ilienda wapi, wageni wa fani hujibu iliyeyuka. Hapana. Hewa ya pale ni kavu mno, kwa hiyo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja na kutoka kupitia mchanga, kama vipande vya barafu vinavyosinyaa kwenye friza bila kudondosha tone. Chombo cha Phoenix kilichotua Mirihi Mei 2008 kilichimba mtaro, vikaonekana vibonge vyeupe, na siku chache baadaye havikuwepo.

Hata ubishi wa umri unarudi hapohapo. Beacon Valley, bonde jingine la hukohuko McMurdo, kuna barafu iliyofukiwa na kifusi chenye majivu ya volkano yenye miaka kama milioni 8. Wapo wanaosema barafu ina umri huo au zaidi. Wapo wanaosema ingekuwa imeshaisha kwa mvuke zamani. Mimi huwaambia wanafunzi waanze na hoja za wanaopinga, maana huko ndiko hesabu ziliko.

Mazoezi yapo hapa nyumbani. Pandeni hadi Saddle, kati ya Kibo na Mawenzi, mwinue kokoto alfajiri: chini yake mtakuta sindano za barafu zimesimama wima, zimebeba punje za udongo vichwani. Jua likishika hazipo. Hiyo ni barafu ya usiku mmoja, msije mkaiandika kwenye ripoti kuwa permafrosti (wapo walioandika!). Fukieni vipimajoto kwa vina tofauti, muwe na subira.

Ili kujua udongo una barafu kiasi gani, sampuli yake ipimwe uzito palepale, ifungwe mifuko miwili, ndipo ikakaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 105 na kupimwa tena. Ikifika mjini mfuko umevuja, itupeni. Na kibali cha utafiti kishughulikieni mapema kabisa. Ndani ya hifadhi hubebi hata jiwe bila hicho.