Keya yangu inahitaji FPGA?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nataka kujiundia keya ya Morse (kifaa cha kutuma nukta na vistari) na kipima-frikwensi kwa redio yangu ya ridhaa. Mwenzangu ananihimiza ninunue FPGA, chipu ambayo saketi zake za ndani unazipanga mwenyewe, kwa kazi zote mbili. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Kwa keya, hapana. Ukituma maneno 20 kwa dakika, nukta moja huchukua milisekunde 60. Maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) kama ATmega328P ya megahezi 16 hupata mapigo 960,000 ya saa ndani ya nukta hiyo, na karibu yote inasubiri kidole chako tu.

Kipima-frikwensi ni habari nyingine. Kwa kasi hiyo, mtengenezaji anashauri ishara ya nje inayohesabiwa na kaunta ya chipu hiyo isifike megahezi 6.4, na bendi ya mita 10 inaanzia 28. Hapo chipu ya mantiki kama FPGA inafaa, lakini CPLD ndogo, ndugu yake mdogo, yatosha. Mimi ningeipa kuhesabu tu, skrini nikaiachia maikrokontrola.

Kinachonikera ni wajenzi kusahau kelele za redio: saa ya chipu huvujisha mawimbi kwenye vizidishio vya frikwensi yake. Zidisha megahezi 16 kwa 9 upate 144, mwanzo kabisa wa bendi ya mita 2! Weka kapasita ya nanofaradi 100 ubavuni mwa pini ya umeme, na yote uyafungie ndani ya boksi la chuma.